Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mawasiliano: nyumbani, kikundini na mbele ya watu

Ukurasa huu umekusanya maswali ninayokutana nayo zaidi katika mafunzo ya vikundi Masasi, Newala, Ruangwa na Lindi mjini, kusini mwa Tanzania. Wanaouliza ni wanandoa, viongozi wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na wa vyama vya msingi vya ushirika vya korosho, vijana wanaojiandaa kwa usaili, na watu waliokabidhiwa maiki kwa mara ya kwanza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu darasani. Anza na lile linalokuhusu.

Mawasiliano mazuri ni yapi hasa?

Kipimo changu ni kimoja: msikilizaji ameondoka na nini. Katibu wa chama akisoma taarifa ya malipo kwa dakika 40, kisha mkulima akatoka akimuuliza jirani yake, "Kwa hiyo kilo ni shilingi ngapi?", hapo hapajafanyika mawasiliano hata kama kila tarakimu ilitajwa.

Mwaka 1948 mhandisi wa Marekani, Claude Shannon, alieleza safari ya ujumbe kwa ajili ya vyombo kama simu: anayetuma, njia, anayepokea, na kelele zinazouharibu njiani. Kwa simu maelezo hayo yanatosha. Binadamu ana mengine ya ziada. Anakuja kikaoni na hasira ya jana, na njaa, na heshima yake anayoilinda, na kumbukumbu ya ulivyomjibu msimu uliopita. Hizo ni kelele kubwa kuliko mvua ikipiga bati.

Kwa hiyo hakikisha. Ukimwambia mtu mzima "Hebu rudia nilichosema," ataona unamfanya mwanafunzi. Beba mzigo mwenyewe: "Sijui kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani ukiulizwa kikao kimesema nini, utawajibu vipi?" Jibu lake litakuonyesha ulipoelewekea na ulipopotea, na utarekebisha watu wakiwa bado wamekaa.

Nilifundishwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Ni kweli?

Hapana, na natamani wakufunzi wenzangu waache kulisema. Namba hizo zinatokana na utafiti wa mwanasaikolojia Albert Mehrabian uliochapishwa mwaka 1967. Alichopima ni kitu chembamba sana: mtu akisikia neno moja likisemwa kwa sauti au uso usioendana nalo, anaamini nini kuhusu hisia za msemaji, anapenda au anachukia? Mehrabian mwenyewe ameonya kwamba namba hizo hazihusu mazungumzo yote.

Fikiria daktari anakueleza vidonge vinywewe mara ngapi kwa siku. Maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungeelewa maelekezo hayo kwa kumtazama mikono. Lakini kilichopo ndani ya utafiti ule kina faida: mke akijibu "sijambo" huku amegeuza uso, amini uso.

Wakufunzi wanasema mtazame mtu machoni. Huku kwetu mtoto akimkazia macho mjomba anaonekana hana adabu. Tufuate lipi?

Fuata anayekusikiliza. Mbele ya mjomba au bibi, kuinamisha macho kidogo ndiko kusema "nakuheshimu", na mzee anakupokea vizuri zaidi. Kwenye usaili wa kazi Mtwara mjini au Dar es Salaam, jopo linaweza kulisoma jicho lile lile la chini kama dalili ya kuficha kitu. Vijana ninaowaandaa nawaambia: salimia kwa adabu zako zote, keti ukikaribishwa, kisha unapojibu mtazame aliyeuliza, na ukimaliza wapitishie macho wengine. Si kumkodolea.

Kila msimu wa korosho ukiingia mimi na mume wangu tunagombana kuhusu pesa. Tufanyeje?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na wanaouliza ni wanaume kwa wanawake. Ugomvi unakuja na minada, kuanzia Oktoba. Mazungumzo huanza siku malipo yameingia benki, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Kufikia hapo kila mmoja ameshaitumia pesa kichwani tangu wakati wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho: mmoja ameezeka nyumba, mwingine amenunua pikipiki. Anayesikia "hapana" siku hiyo anahisi amenyang'anywa kitu alichokwisha kukishika.

Zungumzeni mapema, mikorosho ikiwa bado kwenye maua. Kadirieni kwa uchache, mseme "tukipata gunia tano, cha kwanza ni nini?" Pesa ambayo bado haijaonekana haina joto.

Kisha angalieni mnavyofungua mdomo. Sikiliza sentensi hii: "Wewe ni mbinafsi, kila mwaka hela unamaliza na marafiki zako." Humo hakuna jambo la kujadili, kuna hukumu tu, na aliyehukumiwa atajitetea. Mtaishia kwenye marafiki, kwenye mama mkwe, kwenye mambo ya mwaka wa harusi. Sasa sikiliza hii: "Baba watoto, mwaka huu mtoto aliripoti bweni amechelewa wiki mbili kwa sababu hatukuwa na godoro wala sare. Naomba safari hii vitu vyake vitoke kwanza, ndipo tupange mengine. Wewe unaonaje?" Umetajwa wakati, limetajwa tukio, limetolewa ombi moja, na mlango wa kujibu umeachwa wazi. Mume anaweza asikubali, lakini atakuwa anajibu kuhusu godoro.

Mtafiti wa ndoa wa Marekani, John Gottman, alitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakibishana, kisha akafuatilia ni ndoa zipi zilivunjika. Aliona mienendo minne inayobomoa: kushambulia tabia ya mtu, dharau, kujitetea kila unapoambiwa jambo, na kujifunga kimya usijibu kitu. Kati ya hiyo minne, dharau ndiyo iliyotabiri talaka kuliko nyingine: kumsonya mwenzako, kumuigiza anavyoongea, kumcheka mbele ya watoto. Mkiwa na muda wa kuacha kitu kimoja tu mwaka huu, acheni hicho.

Na kabla hujajibu, rudisha ulichosikia. "Kwa hiyo wewe unaona tumalize deni la pembejeo kwanza ndipo tutapumua. Nimekuelewa sawasawa?" Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyelieneza zoezi hili katika karne iliyopita, na ukilijaribu utaona ugumu wake: ulimi unataka kujibu kabla sikio halijamaliza. Lakini mtu aliyesikia maneno yake yakirudi kwa usahihi hushuka sauti mwenyewe, maana hana tena sababu ya kupaza.

Neno moja zito hapa. Kama ukisema unapigwa, hili limevuka mipaka ya mbinu za kuongea. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Huna kosa la kutojua kuongea.

Mke wangu akikasirika ananuna, siku tatu hasemi. Nimlazimishe aongee?

Usimlazimishe. Mwili wenye hasira haujadiliani: moyo unakwenda mbio, na akili inatafuta pa kupigia au pa kukimbilia. Gottman anashauri mapumziko yasiyopungua dakika 20 ili mwili utulie, na mapumziko hayo yawe ya kufanya jambo jingine, si ya kupanga majibu makali.

Ila kuna kimya cha kupoa na kimya cha kuadhibu, na tofauti yake ni ahadi ya kurudi. Anayesema "Sasa hivi nimekasirika, naomba tuongee baada ya kula" anapoa. Anayepita mbele yako siku tatu kama hakuoni anaadhibu. Kubalianeni siku mkiwa na amani kwamba yeyote anaruhusiwa kuomba muda, na aliyeomba muda ndiye atakayeanza mazungumzo.

Namna ya kuomba radhi ni ipi?

Taja ulichofanya kwa jina lake, taja kilivyomuumiza, sema utakachofanya, kisha nyamaza. Ukiongeza "lakini na wewe…", umeifuta yote. Na "kama nimekukosea, samahani" inamrudishia aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia.

Ni wakati gani tuwaite wajomba?

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wengi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli katika ndoa. Ni utaratibu wenye hekima nyingi, kwani unaleta mtu wa tatu aliye na uchungu na nyote. Kosa ninaloliona ni kumwita mapema mno, au kila mmoja kumwita wake kwa siri. Zungumzeni nyinyi kwanza, zaidi ya mara moja. Mkikwama, mwambiane wazi: "Hili limetushinda, tumwite mjomba Jumapili." Na mjomba mzuri huanza kwa kumsikiliza kila mmoja bila kukatizwa, kisha humtaka kila mmoja arudishe alichosikia: mwenzako amesema nini?

Amesoma ujumbe wangu, tiki ni za bluu, hajajibu. Ana maana gani?

Tiki inaeleza kwamba ujumbe umefunguliwa. Mengine yote umeyaongeza wewe. Huenda yuko kwenye bodaboda, huenda anatafuta maneno, huenda bando limeisha. Jambo kubwa lipigie simu. La kuumiza, nenda mwenyewe kama unaweza kufika. Maandishi hayana sauti, kwa hiyo "sawa" moja inaweza kusomwa kama ridhaa, hasira au kuchoka, kutegemea msomaji alivyoamka. Na taarifa ya msiba usiiweke kwenye kundi kabla familia ya karibu haijapigiwa.

Kikundi chetu kilianza kwa furaha. Sasa mwezi wa tatu tunabishana kila kikao. Tukivunje?

Msikivunje. Mwaka 1965 Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipitia tafiti nyingi za vikundi vidogo akaona hatua zinazojirudia: kukutana, kuvutana, kuwekeana taratibu, kisha kufanya kazi. Hatua ya kuvutana inawashtua watu kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na adabu nyingi. Ukweli ni kwamba mwanzoni hakuna aliyekuwa anasema alichonacho moyoni.

Kazi ya mwenyekiti hapa ni kuyahamisha mabishano kutoka kwa watu kwenda kwenye kanuni. Mama fulani anachelewa? Msimjadili yeye. Jadilini faini ya kuchelewa iwe kiasi gani, ianze dakika ngapi, na udhuru upi unakubalika, kisha iandikwe kwenye katiba ya kikundi. Nani anashika funguo? Sanduku la VICOBA huwa na kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na nawasihi muutazame utaratibu huo kama mawasiliano: unawaambia wanachama wote, kila wiki, bila neno kusemwa, kwamba hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Kwenye kikao wote wanasema "sawa mwenyekiti", wakitoka nje wanateta. Kwa nini?

Kwa sababu kupinga peke yako kunauma. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio nchini Marekani ambalo kila kiongozi wa kikundi anapaswa kulijua. Aliwaonyesha watu mistari akawauliza upi unalingana na mwingine, jibu likiwa wazi kabisa. Lakini ndani ya chumba wote walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo, isipokuwa mtu mmoja asiyejua mpango huo. Karibu theluthi moja ya majibu ya watu hao wasiojua yalifuata uongo wa kundi. Kisha Asch alipomweka mtu mwingine mmoja tu anayesema kweli, kufuata kundi kulishuka sana. Mtu mmoja alitosha.

Kwa hiyo mwenyekiti, anayetaka kupinga mtafutie mwenzake. Usiulize "Tumekubaliana?", maana swali hilo limeshabeba jibu lake. Uliza: "Anayeona hatari katika mpango huu ni nani?" Wape watu dakika tano wajadiliane wawili wawili kabla ya kunyoosha mikono, atakayesema baadaye atasema "sisi tumeona". Na wewe uwe wa mwisho kutoa maoni. Mwenyekiti akisema la kwake mwanzoni, kilichobaki ni makofi.

Yule wa kwanza aliyetofautiana nawe, mshukuru mbele ya wote, hata kama hoja yake haikupita. Wengine kumi wanatazama kitakachompata.

Mimi ni kijana. Nampingaje mzee kikaoni bila kuonekana mkaidi?

Anza na salamu, kubali sehemu iliyo kweli, kisha ongeza la kwako kama swali au kama tukio. Mfano kutoka kikao cha chama cha msingi:

"Shikamoo baba. Nimekusikia, na ni kweli ghala la zamani liko karibu na wengi wetu. Naomba kuongezea jambo dogo. Mwaka jana mvua za mwanzo paa lilivuja, na gunia zilizolowa zilishushwa daraja. Je, tunaweza kukagua paa kwanza ndipo tuamue?"

Hakuna aliyevunjiwa heshima hapo, na hoja imepita. Linganisha na "Mzee amekosea." Kumbuka pia kwamba kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, mamlaka za wilaya, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Unapoongea hupewi hisani. Adabu ni yako kuchagua, haki unayo tayari.

Wanawake wanakuja kwa wingi mkutanoni lakini hawasemi. Tuwafanyeje wachangie?

Kwanza tazama wamekaa wapi. Mara nyingi wanaume wako kwenye viti karibu na meza, wanawake kwenye mikeka pembeni ya mwembe, na maiki haifiki huko. Sogeza meza. Pili, tazama saa: mkutano ukiitwa saa kumi na moja jioni, mama anasikiliza huku akiwaza moto na maji. Tatu, mwanamke akishasema, andika hoja yake kwenye muhtasari kwa jina lake. Nimeona mara nyingi mno hoja ya mama ikipita kimya, baada ya robo saa inarudiwa na mwanaume na kupigiwa makofi. Mwenyekiti makini atasema: "Hilo ndilo alilolileta mama pale, tuendelee nalo."

Usiwaulize "Akina mama mnasemaje?" kana kwamba ni mtu mmoja. Muulize mmoja, kuhusu jambo analolijua.

Utani una nafasi kwenye kikao?

Unayo, na huku kusini utani wa makabila umeponya mengi: mtani anaweza kusema msibani au shaurini neno ambalo ndugu hawezi. Ila utani unafanya kazi pale wote wawili wanapojua ni watani. Kikundi chenye watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine kina watu wanaosikia tusi tu. Mgeni aelezwe kwanza, tena na anayetaniwa, si na anayetania.

Wengi wetu ni Wamakonde. Tukiendesha kikao kwa Kimakonde kuna ubaya?

Kusalimiana na kumfafanulia bibi ni jambo jema. Uamuzi, fedha na kura viwe kwa Kiswahili ili Mmakua na Myao waliolipa hisa sawa na zenu wasikie kwa wakati ule ule.

Tetesi zinatuvuruga: mara bei imeshuka, mara chama kimeuza kwa siri. Tuzizuieje?

Gordon Allport na Leo Postman, watafiti wa Marekani walioandika kuhusu tetesi mwaka 1947, walieleza kwamba tetesi hukua pale vitu viwili vinapokutana: jambo ni kubwa kwa watu, na taarifa zake hazieleweki. Bei ya korosho itaendelea kuwa jambo kubwa Mtwara na Lindi, hilo hamwezi kulipunguza. Mnaloweza kupunguza ni ukungu.

Wekeni siku na saa maalumu ya taarifa, na muitimize hata kama hakuna jipya. "Leo hatuna taarifa mpya kutoka mnadani, tutakutana tena Ijumaa saa nne" ni taarifa kamili, na inamnyima mzushi nafasi. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya siasa, na alipokuwa Rais kati ya 1995 na 2005 alijiwekea desturi ya kuhutubia taifa kila mwisho wa mwezi. Watu walijua siku ya kusikiliza. Chama cha msingi kinaweza kufanya hivyo hivyo kwa ubao na chaki.

Na unapokanusha, anza na ukweli. Ukianza na uzushi ili uukatae, kuna watakaoondoka wameshika nusu ya kwanza.

Nikishika maiki natetemeka, mate yanakauka. Kuna dawa?

Kwanza ujue kinachotokea. Mwili umeona macho mengi ukadhani kuna hatari, ukamwaga adrenalini: moyo unakwenda kasi, mikono inatetemeka, kinywa kinakauka. Hali hiyo huwapata hata wasemaji wazoefu.

Pili, haionekani kama unavyodhani. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wasemaji hukadiria hofu yao kuonekana zaidi kuliko wasikilizaji wanavyoiona, na waliofahamishwa hilo kabla ya kuongea waliongea vizuri zaidi. Kulijua tu kulisaidia. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks aliona pia kwamba waliojiambia "nina hamasa" kabla ya hotuba walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia, kwa sababu mwili wa hofu na mwili wa hamasa unafanana sana.

Kwa vitendo: fika mapema, simama pale utakapoongelea pakiwa patupu. Kariri sentensi ya kwanza tu, neno kwa neno, maana sekunde za mwanzo ndizo ngumu. Usishike karatasi laini mkononi, itakutangaza. Tumia daftari au kadi ngumu. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyoivuta. Tafuta uso mmoja unaokutazama kwa wema, mwambie yeye sentensi nzima, kisha hamia kwa mwingine upande wa pili.

Nisome hotuba au nikariri?

Risala kwa mgeni rasmi na wasifu wa marehemu visome, kwa sababu majina na tarehe havitakiwi kukosewa. Mengine, andika vichwa vya hoja tu. Anayekariri yote akisahau neno moja anapotea kabisa. Na fanya mazoezi kwa sauti, umesimama. Kusoma kimya kitandani si mazoezi.

Natakiwa kuwaeleza wakulima makato. Kila nikieleza wanakasirika. Nifanyeje?

Mara nyingi hasira hiyo inatokana na kutoelewa, na kutoelewa kunatokana na mpangilio. Makatibu wengi husoma orodha: ushuru huu shilingi kadhaa, mchango ule shilingi kadhaa, jumla hii. Mkulima anasikia mfululizo wa kupunguziwa. Geuza. Chukua mkulima mmoja wa kufikirika mwenye gunia tatu za kilo 80, useme polepole:

"Tuchukulie una kilo 240. Tuchukulie bei ya mnada ni shilingi 3,000. Korosho zako zimeuzwa kwa 720,000. Makato yote kwa kilo tuchukulie ni 250. Kwako wewe hiyo ni 60,000. Benki utakuta 660,000."

Andika namba hizo tatu ubaoni kwa tarakimu kubwa: 720,000, 60,000, 660,000. Simama. Waache wanakili. Ndipo ufungue ile 60,000 na kueleza kila kipande kinakwenda wapi na nani aliamua. Kisha mwombe mtu mwenye kilo 100 apige hesabu yake kwa sauti. Atasema 275,000, na watu watamsikia mwenzao akieleza badala yako. Kama kuna kato usiloweza kulieleza, usilipake rangi. Sema utaleta jibu siku gani, na ulilete.

Watu hukumbuka mambo machache yaliyopangwa vizuri. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kuhusu vita ya Kagera kwa nguzo tatu: uwezo, sababu na nia. Waliokuwa watoto siku hiyo wanazitaja hadi leo. Taarifa yenye hoja tisa igawe, au uchague tatu na nyingine uzibandike ubaoni.

Itifaki inakula muda wangu wote. Naweza kuiruka?

Kwenye hafla yenye meza kuu, mtaje mgeni rasmi na mwenyeji, useme "itifaki imezingatiwa", uingie kwenye jambo. Kijijini usiruke wazee. "Shikamooni wazee wetu," kisha subiri marahaba ije. Ukiipita bila kuisubiri umesalimia hewa. Salamu za dini toa zote au usitoe yoyote, kwani mkutano mmoja wa Masasi au Lindi una Waislamu na Wakristo, na utakayemwacha atalihesabu.

Nina kigugumizi. Nikubali uongozi?

Kubali. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa na kigugumizi na alilihutubia taifa lake kwa redio siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Septemba 1939. Waambie watu mwanzoni: "Nina kigugumizi, nitachukua muda, naomba mnivumilie." Wasikilizaji nao wana wajibu: msimmalizie neno, msitazame pembeni, msimwambie apumue. Subirini.

Nimeambiwa leo jioni kwamba kesho asubuhi nitaongea. Nianzie wapi?

Andika sentensi moja: wakitoka hapo, wanatakiwa wajue au wafanye nini? Kama huwezi kuiandika, mpigie aliyekualika umuulize anataka nini hasa. Chini yake weka tukio moja la kweli wanalolijua na namba moja wanayoihitaji. Sema yote kwa sauti mara mbili ukiwa umesimama, ukitazama saa. Kesho muulize mwenyekiti umepewa dakika ngapi, utumie pungufu ya hizo, na zinazobaki uwape watu waulize.